Umenunua picha au stakabadhi ya ghala?

Wiki iliyopita dogo mmoja kanitumia picha 40 WhatsApp, tembo kavaa miwani, twiga kavaa suti, simba anaendesha bodaboda, zote katengeneza na AI jioni moja tu, anataka nimsaidie kuzigeuza NFT, zile tokeni za kidijitali za kuonesha nani mwenye kitu, auze dola 100 kila moja. Nikamuuliza swali moja tu, mtu akinunua hiyo ya tembo atakuwa kanunua nini? Kanyamaza kidogo afu akaandika "si picha hiyo, kaka". Ndo hapo sasa.

Mi kazi yangu ni kuandika programu zinazoendesha hizi tokeni, nilianza 2021 kipindi watu wamechanganyikiwa kabisa, na nakwambia wengi walionunua, na hata wengine waliouza, mpaka leo hawajui ndani kuna nini. Ngoja nitumie kitu tunachokijua. Mkulima wa korosho Mtwara anapeleka mzigo ghalani, unapimwa, anapewa stakabadhi, kinachozunguka mezani kuanzia hapo ni karatasi, korosho zenyewe zimetulia ghalani. NFT ni hiyo karatasi. Kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, inaandikwa namba ya tokeni, anwani ya mwenye nayo, na linki ya kwenda kwenye faili linaloelezea picha, basi. Picha yenyewe mara nyingi haimo kabisa, kwasababu kuhifadhi data Ethereum, blokucheni inayobeba NFT nyingi, ni ghali balaa, faili la picha la kawaida tu linaweza kukutoa hela ya kununulia pikipiki.

Tofauti ni kwamba ghala la korosho lina leseni na kuna mtu wa kumbana mzigo ukipotea. Ghala la picha yako inaweza kuwa seva, yaani kompyuta, ya kampuni fulani ambayo mwezi ujao haipo.

Unadhani natania? Nike walinunua kampuni inaitwa RTFKT Desemba 2021, hao ndo waliotoa mkusanyiko wa CloneX, vichwa vya katuni ambavyo watu walivinunua kwa maelfu ya dola. Desemba 2024 wakatangaza wanaifunga. Aprili 2025 wenye CloneX wanaamka asubuhi wanafungua pochi zao za kidijitali, vichwa hamna, badala yake kuna maandishi kwamba maudhui yamezuiwa kwasababu huduma ya Cloudflare, kampuni iliyokuwa inazipitisha picha hizo mtandaoni, imetumika kinyume na masharti! Tokeni zilikuwepo zote, hakuna aliyeibiwa, blokucheni ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, ila ghala lilikuwa limefungwa kufuli. Picha zilirudi baadaye lakini mi nadhani hakuna somo zuri kama lile.

Kwahiyo kabla hujatoa hela fanya hivi, haichukui hata dakika 5. Nenda Etherscan, tovuti ya kusomea yaliyoandikwa Ethereum, tafuta anwani ya mkataba (ile programu inayoendesha tokeni) wa huo mkusanyiko, fungua sehemu ya kusoma mkataba, tafuta tokenURI, ndo ile linki ya faili la maelezo, weka namba ya tokeni unayoitaka. Ikirudisha kitu kinachoanza na https, jua faili hilo la maelezo, na mara nyingi picha pia, limelala kwenye seva ya mtu. Ikianza na ipfs, mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta za watu wengi, afadhali, pale faili linatambulika kwa yaliyomo ndani yake kwahiyo hawawezi kukubadilishia kimyakimya, ila lazima kuwe na mtu anayeendelea kulihifadhi, asipokuwepo linapotea vilevile. Ikianza na data, maelezo yako ndani ya blokucheni yenyewe, lakini usishangilie bado, soma mpaka mwisho uone na picha imo au humo ndani kuna linki nyingine tena. CryptoPunks kwa mfano, zile sura 10,000 za mwaka 2017, picha zake ziliingizwa Ethereum mwaka 2021, hizo seva ya nani ikizimwa hazijali.

Sasa turudi kwa dogo na tembo wake. Watu wanasema AI ndo imeua soko la NFT, mi sikubaliani. Januari 2022, kabla hata Midjourney na Stable Diffusion, programu za AI za kutengeneza picha, hazijafunguliwa kwa umma, OpenSea, soko la mtandaoni la NFT, wenyewe walisema zaidi ya asilimia 80 ya NFT zilizotengenezwa kwa kifaa chao cha bure zilikuwa za kunakili, feki au takataka tupu. Soko lilikuwa limeshajaa taka. AI ilikuja kuongeza kasi tu, kutoka mtu kuiba picha moja moja mpaka kufyatua 40 kwa jioni. Na bei zilikuwa zimeanza kushuka zenyewe, ile twiti ya kwanza ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, iliuzwa kama NFT kwa dola milioni 2.9 Machi 2021, mwaka uliofuata mwenye nayo akaipeleka sokoni anataka milioni 48, ofa alizopata hazikufika hata dola elfu 15.

Kuna jambo jingine linalomhusu dogo moja kwa moja. Marekani, mahakama ya rufaa Washington ilisema Machi 2025 kwamba kazi ambayo mtunzi wake ni mashine peke yake haipati hakimiliki, na ofisi yao ya hakimiliki ilishasema Januari mwaka huohuo kwamba kuandika maelekezo tu hakutoshi kukufanya mtunzi. Maana yake mnunuzi wa tembo analipa dola 100 kwa stakabadhi ya mzigo ambao kule Marekani yeyote anaweza kuubeba bila kumuuliza mtu.

Ila msinielewe vibaya, sanaa ya AI inauzwa. Christie's, kampuni kubwa ya minada, walifanya mnada wake New York Februari hadi Machi 2025, maelfu ya wasanii wakasaini barua kuupinga, wakisema nyingi ya kazi zile zimetoka kwenye mashine zilizofundishwa kwa kazi zao bila ruhusa, na bado ukaingiza zaidi ya dola 700,000. Lakini angalia nani waliuza pale. Refik Anadol alikuwepo, jamaa ambaye miaka mingi anakusanya data, anafundisha mashine, na kazi yake imekaa MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Pale mnunuzi anajua nani kafanya, lini, kwa data gani, kapitia wapi mpaka kufika. Hicho ndo tokeni inajua kukitunza vizuri, kumbukumbu ya nani na lini, kwenye hilo naitetea hadi kesho.

Nikamwambia dogo basi, tuanze na hapo, nitumie maelekezo uliyoandika, matoleo uliyoyakataa, na michoro ya mkono kama ulianza nayo, tuweke vyote pamoja na picha ili mtu aone ulifikaje kwa huyo tembo. Kajibu kesho yake asubuhi, kafuta vyote, simu ilikuwa imejaa.