Je, wajua kwa nini askari wa Uhispania waliendelea kuipigania Ufilipino baada ya Uhispania kuiuza?

Tarehe 10 Desemba 1898, mjini Paris, Uhispania ilikubali kuikabidhi Ufilipino kwa Marekani, na Marekani ikakubali kulipa dola milioni 20. Utawala wa zaidi ya miaka 300 ukaishia kwenye saini za mabwana waliokaa mezani Ulaya. Hakuna Mfilipino aliyeitwa kwenye meza hiyo.

Wakati huo huo, katika mji mdogo wa Baler, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Luzon, bendera ya Uhispania ilikuwa bado inapepea juu ya kanisa la mawe. Ndani yake askari wachache waliokonda kwa njaa na maradhi walikuwa wakimfyatulia risasi yeyote aliyesogea. Waliendelea hivyo Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, hadi tarehe 2 Juni 1899. Walikuwa wamezingirwa kwa siku 337, na kwa karibu miezi sita ya mwisho walikuwa wanalinda nchi ambayo serikali yao ilikwishaitoa.

Wengi hudhani hawakuwa na habari. Sivyo. Habari waliletewa mara nyingi: kwa barua, kwa mdomo, kwa magazeti, na hata na maofisa wa jeshi lao wenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba kila habari ilipita kwanza mikononi mwa adui.

Ili kuelewa hilo, ianze jiografia. Nyuma ya Baler kuna safu ya milima ya Sierra Madre, mbele yake ni bahari ya Pasifiki. Miaka ile mtu wa Manila alifika huko kwa meli, au kwa njia za miguu zinazopenya milima na misitu. Kambi ya Kihispania iliyokatwa na bahari na njia hizo ilikuwa imekatwa na dunia.

Wafilipino wa Baler walilijua hilo vizuri. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Agosti 1896, chama cha siri cha Katipunan, kilichoasisiwa na Andrés Bonifacio na wenzake mwaka 1892, kilipogunduliwa na Wahispania na kulazimika kuingia vitani kabla hakijajiandaa. Moto huo ulifika Baler Oktoba 1897. Wapiganaji wakiongozwa na Teodorico Novicio Luna, mwenyeji wa hapo, waliivamia kambi ndogo ya Wahispania, na mkuu wa kambi hiyo, Luteni José Mota, akafa. Desemba mwaka huo ukafikiwa mkataba wa amani wa Biak-na-Bato, na kiongozi wa mapinduzi, Emilio Aguinaldo, akaenda uhamishoni Hong Kong. Manila ikadhani mambo yametulia. Februari 1898 Baler ikapelekewa askari wapya wapatao 50. Mji ulikuwa chini ya Kapteni Enrique de las Morenas, na kikosi kilikuwa na maluteni wawili, Juan Alonso Zayas na Saturnino Martín Cerezo.

Hayakutulia. Tarehe 1 Mei manowari za Marekani, ambayo sasa ilikuwa vitani na Uhispania, zilizamisha meli za Uhispania katika ghuba ya Manila. Aguinaldo akarudi nyumbani mwezi huo huo, na tarehe 12 Juni akatangaza uhuru wa Ufilipino. Huko Baler, wenyeji walianza kuhama usiku, familia baada ya familia, hadi mji ukabaki nyumba tupu. Mwenye uzoefu wa vita anajua maana yake. Wahispania wakahamishia vyakula na risasi kanisani. Mwishoni mwa Juni doria ya Martín Cerezo iliviziwa, ikarudi mbio na majeruhi, na milango ya kanisa ikafungwa.

Hapa masimulizi mengi ya Ulaya huwageuza Wafilipino kuwa vivuli tu nje ya dirisha. Si haki. Walikuwa wakulima na watu wa mji mdogo, bunduki zao chache, na mizinga waliyopata ilikuwa ya zamani, haikuweza kuzibomoa kuta nene za kanisa. Kulivamia kwa miguu kungekuwa kupeleka vijana machinjioni. Kwa hiyo walichimba mahandaki kulizunguka kanisa pande zote, wakaketi humo kwa zamu, mvua na jua, karibu mwaka mzima. Na walikuwa wanaandika. Kamanda mmoja baada ya mwingine alipeleka barua kuwaeleza waliozingirwa kwamba Uhispania imeshindwa, na kwamba wakitoka watatendewa kwa heshima. Katika siku za mwanzo walisimamisha mapigano kwa muda. Wafilipino wakapeleka sigara, na Kapteni de las Morenas akajibu kwa chupa ya mvinyo. Jioni risasi zikaendelea.

Ndani ya kanisa, adui mkubwa hakuwa risasi. Katika mwaka ule wote ni askari wawili tu waliokufa kwa majeraha ya vita. Wengine waliokufa, karibu wote walimalizwa na maradhi, na kubwa kuliko yote lilikuwa beriberi. Mgonjwa huanza kuvimba miguu, uvimbe ukapanda, viungo vikalegea, hadi moyo unashindwa kazi. Leo tunajua kwamba chanzo chake ni upungufu wa vitamini B1. Wakati ule ndiyo kwanza daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa ametoka kugundua huko Java kwamba kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa sana walipata ugonjwa kama huo. Habari hiyo isingeweza kufika Baler. Padri wa mji alikufa Septemba, Luteni Alonso Zayas Oktoba, Kapteni de las Morenas Novemba. Uongozi ukabaki kwa Martín Cerezo.

Daktari wa kikosi, Rogelio Vigil de Quiñones, naye alikuwa mgonjwa na amejeruhiwa. Hata hivyo alishikilia jambo moja: bila chakula kibichi, cha majani na matunda, wote watakufa. Katikati ya Desemba askari wachache walichomoka ghafla mchana, wakachoma nyumba zilizokuwa karibu na kanisa, na wazingiraji wakarudi nyuma kwa mshtuko. Wahispania hawakwenda mbali. Walivuna walichokiona: maboga na majani yake, machungwa, mboga za kuchemsha. Wakafungua milango, hewa ikaingia. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Siku chache kabla ya hapo, kule Paris, Uhispania ilikuwa imekwishatia saini.

Sasa tuje kwenye barua. Februari 1899 alifika ofisa wa Kihispania, Kapteni Miguel Olmedo, akiwa na barua ya Jenerali Diego de los Ríos inayowaamuru waondoke Baler. Ilikuwa barua ya kweli kabisa. Lakini ilielekezwa kwa Kapteni de las Morenas, ambaye alikuwa amezikwa miezi karibu mitatu nyuma, na Martín Cerezo hakutaka adui ajue kwamba mkuu wao amekufa. Akaichukua barua, akaingia ndani, akarudi na kumwambia mjumbe kwamba kapteni amesoma na hana la kujibu. Olmedo akaondoka.

Mei alikuja mwingine, Luteni Kanali Cristóbal Aguilar, naye akiwa ametumwa na jenerali yule yule. Alizungumza nao, akawasihi, akaambulia patupu. Alichofanya cha maana ni kuwaachia bunda la magazeti ya Madrid.

Ni rahisi kumwona Martín Cerezo kama kichwa ngumu, na kwa kiasi fulani alikuwa hivyo. Lakini tujiweke mahali pake. Ofisa aliyefunzwa kwamba hila ni silaha ya vita, anaambiwa na watu wanaomlenga risasi kwamba dola iliyodumu karne tatu imeanguka ndani ya miezi michache. Hata barua za kughushi hazikuwa jambo la ajabu katika vita vile. Miaka miwili baadaye, Machi 1901, jenerali wa Kimarekani Frederick Funston aliteremka kwenye pwani hiyo hiyo, kaskazini ya Baler, akiwa na barua za kughushi zilizoandikwa kana kwamba zimetoka kwa makamanda wa Aguinaldo. Aguinaldo aliziamini. Tarehe 23 Machi akakamatwa mjini Palanan.

Martín Cerezo aliyasoma magazeti ya Aguilar akayaona ya uongo: aliamini kwamba Wafilipino wameyachapisha wenyewe ili kumnasa. Chakula kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo mpango wake ulikuwa kutoroka usiku kupitia msituni. Kabla ya hapo alitoa amri ambayo hadi leo inaacha doa kwenye sifa zake. Askari wake wawili, waliokuwa wamefungwa kwa kosa la kupanga kutoroka kwenda kwa Wafilipino, walipigwa risasi tarehe 1 Juni. Vita walivyokuwa wakiipigania Uhispania vilikuwa vimekwisha kitambo. Wangevumiliwa siku moja zaidi, wangerudi kwao.

Maana ndani ya siku hiyo moja kila kitu kiligeuka. Martín Cerezo alipopekua tena El Imparcial, mojawapo ya magazeti yale ya Madrid, jicho lake lilitua kwenye tangazo dogo la uhamisho wa maofisa. Luteni Francisco Díaz Navarro, lilisema, amehamishiwa Málaga kwa maombi yake mwenyewe. Díaz Navarro alikuwa rafiki wa Martín Cerezo, na kabla hawajaachana alimwambia faraghani kwamba vita vya Cuba vikiisha ataomba apelekwe Málaga, kwa ajili ya familia yake na mchumba wake. Hilo hakuna Mfilipino ambaye angeweza kulibuni. Na kama tangazo lile lilikuwa kweli, basi gazeti lote lilikuwa kweli: kushindwa, Paris, dola milioni 20, vyote.

Barua za jenerali hazikuwa zimemshawishi, wala sauti ya luteni kanali aliyesimama mbele yake. Mstari mmoja kuhusu kijana anayetaka kwenda kwa mchumba wake ulitosha.

Tarehe 2 Juni bendera nyeupe ikapandishwa. Aliyewapokea kwa upande wa Wafilipino alikuwa Luteni Kanali Simón Tecson. Wahispania walijaribu kuweka masharti: wataweka silaha chini, lakini hawatakuwa wafungwa wa vita, na watasindikizwa hadi mahali salama. Tecson alikubali yote. Fikiria uzito wa kukubali huko. Mbele yake walikuwa watu waliochoma nyumba za mji huu na kuua watu wake. Na Ufilipino haikuwa katika raha ya kuonyesha ukarimu: tangu tarehe 4 Februari ilikuwa vitani na Marekani, mji mkuu wake wa Malolos ulikuwa umetekwa, na siku tatu tu baada ya Baler kusalimu amri, jenerali wake hodari, Antonio Luna, aliuawa na Wafilipino wenzake huko Cabanatuan.

Kwangu mimi hapa ndipo penye ushindi wa Baler, na naona unastahili kuwekwa kando ya kilichotokea Manila tarehe 13 Agosti 1898. Huko, wakuu wa Kihispania walipatana kisiri na Wamarekani wapigane vita vya kuigiza, ili mji uangukie mikononi mwa Wamarekani na Wafilipino waliouzingira wabaki nje ya kuta. Waliona aibu kujisalimisha kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa wamewatawala. Baler haikuwapa nafasi hiyo. Pale Mhispania alikabidhi bunduki yake kwa Mfilipino, ana kwa ana, na Mfilipino akampa mkono.

Tarehe 30 Juni 1899, akiwa Tarlac, Aguinaldo alitoa amri kama rais wa Jamhuri. Aliwasifu waliokuwa kanisani kwa ushujaa na uvumilivu wao, akaagiza wasihesabiwe wafungwa bali marafiki, na wapewe vibali vya kurudi kwao. Askari 33 walishuka bandarini Barcelona tarehe 1 Septemba. Mwaka 2003 Ufilipino ilipitisha sheria, iliyosukumwa na Seneta Edgardo Angara, mzaliwa wa Baler, na tangu hapo kila tarehe 30 Juni huadhimishwa kuwa siku ya urafiki kati ya Ufilipino na Uhispania.