Nguvu ya titani ni ngapi? Inategemea unaipiga vipi

Wateja wanataka namba moja tu ya kuingiza kwenye kompyuta. Namba ya cheti cha metali ipo: kwa Ti-6Al-4V (titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4), aloi ya titani inayotumika kuliko zote, inacheza kwenye megapaskali 900, yaani mkazo inaouhimili ikivutwa. Lakini ilipimwa kwa halijoto ya chumba, sampuli ikivutwa polepole. Ukibadilisha kimojawapo, namba hiyo haikuhusu tena. Haya ndiyo madai ninayoyasikia kwao mara kwa mara.

"Ikipigwa kwa kasi inaimarika, kwa hiyo tuko salama."
Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana nusu yake ni kweli. Kasi ikipanda, mkazo wa kuibonyeza nao hupanda. Wanasahau joto. Sehemu kubwa ya kazi ya kubonyeza metali hugeuka joto, na titani ni mpitishaji mbovu: takriban wati 7 kwa mita kwa kelvini, wakati chuma cha kawaida kinakaribia 50. Ukibonyeza taratibu, joto linapata muda wa kutoka. Ukipiga kwa kishindo, linanasa palepale. Palipopata moto zaidi hulainika, palipolainika hubonyea zaidi, na kubonyea huko huongeza moto. Mwishowe ukanda mwembamba wa mikroni chache au makumi hubeba karibu mzigo wote, na sampuli inakatika mshazari ilhali pembeni yake metali haijaguswa. Huamini? Chukua chenga za titani kutoka kwenye mashine ya kukereza, uziangalie kwa lenzi. Zina meno kama msumeno, na kati ya jino na jino ndipo ukanda huo ulipopita.

Basi usichukue mchoro wa jaribio la polepole ukaurefusha kwa rula hadi kasi ya mgongano. Agiza vipimo vya kasi yako na halijoto yako. Ni ghali, najua.

"Ipashe moto zaidi, itatii."
Itatii, ila ukivuka nyuzi 995 hivi za Selsiasi, alfa yote inageuka beta (ni mipangilio miwili ya atomi ndani ya titani) na chembe za fuwele zinazoiunda metali zinavimba haraka. Ikipoa, uwezo wake wa kurefuka bila kukatika umepungua. Hewani, oksijeni nayo inaacha gamba gumu linalopasuka. Umbo gumu lifinyange kwenye nyuzi 900 hivi, taratibu mno: titani yenye chembe ndogo hurefuka mara kadhaa bila kukatika.

"Ikiwa baridi haitambai."
Inatambaa, yaani inarefuka polepole ikiwa imebeba mzigo, hata chini ya kikomo cha unyumbufu, ule mkazo ambao ukizidi metali hairudi umbo lake. Wanaounda diski za injini za ndege wanalijua hilo: mzigo ukishikiliwa kileleni kila mzunguko, uhai wa diski hupungua.

"Inayeyuka juu ya nyuzi 1,600, kwa hiyo 700 ni kitu kidogo."
Hapana. Ti-6Al-4V iishie 400 hivi. Aloi za titani zilizotengenezwa mahususi kwa joto nazo hukomea karibu 600.