Je, wajua? Shakespeare na Cervantes walikufa tarehe moja, ila sio siku moja

Kila ikifika tarehe 23 Aprili utaona posti zinazunguka kwamba siku kama hii mwaka 1616 dunia ilipoteza waandishi wawili wakubwa kwa mkupuo, William Shakespeare kule Uingereza na Miguel de Cervantes, yule aliyeandika Don Quixote, kule Hispania. UNESCO nao mwaka 1995 waliichagua tarehe hiyo iwe Siku ya Vitabu Duniani, na vifo hivyo viwili vilikuwa sehemu ya sababu. Ni habari tamu, na ni rahisi kuiamini kwa sababu tarehe zote mbili zimeandikwa kwenye kumbukumbu za wakati ule, hakuna aliyezitunga. Lakini hawakufa siku moja. Kwa hesabu inayokubalika leo, Cervantes alipofariki Shakespeare bado alikuwa na siku 11 za kuishi.

Inawezekanaje sasa? Anza na hiki kitu kimoja ambacho kwangu ndo ushahidi mzuri kuliko wote. Tarehe 23 Aprili 1616 kule Madrid ilikuwa Jumamosi. Tarehe 23 Aprili 1616 kule Stratford, alikofia Shakespeare, ilikuwa Jumanne. Wakatoliki wa Hispania na Waprotestanti wa Uingereza waligombana karibu kila kitu lakini Jumapili yao ilikuwa ile ile, wiki haijawahi kukatika katikati yao, kwa hiyo kama huku ni Jumamosi na kule ni Jumanne basi hizo ni siku mbili tofauti zilizopewa namba moja. Na hii unaweza kuihakiki mwenyewe sasa hivi. Kalenda tunayotumia inajirudia kila baada ya miaka 400, maana miaka 400 ina siku 146,097 na ukigawa kwa 7 hakibaki kitu, kwa hiyo mwaka 1616 wa Hispania unafanana siku kwa siku na mwaka 2016. Fungua kalenda ya simu, rudi Aprili 2016, utakuta tarehe 23 ni Jumamosi. Halafu nenda Mei 3, hiyo ni Jumanne, na hiyo ndo siku aliyokufa Shakespeare kwa kalenda yetu ya leo.

Chanzo cha yote ni Juliasi Kaizari, ndiyo, yule yule wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Kalenda ya Roma ilikuwa imevurugika kabisa, Kaizari akaipanga upya na ikaanza kutumika Januari 1 mwaka 45 kabla ya Kristo: siku 365, na kila mwaka wa nne unaongezwa siku moja, yaani mwaka mrefu. Wastani wake ni siku 365 na robo. Kwa watu wasio na darubini ilikuwa kazi nzuri sana, tatizo ni kwamba mwaka halisi wa jua ni mfupi kidogo kuliko hapo, kama dakika 11 hivi.

Dakika 11 kwa mwaka mzima, nani atajali? Hapa ndo pa kutulia. Chukua saa ya ukutani pale sebuleni ambayo inachelewa sekunde chache kila siku. Leo huoni kitu, wiki inapita huoni kitu, lakini baada ya miezi taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaanza huku saa yako bado inasema saa mbili kasoro. Taarifa ya habari haijawahi kuwahi, inaanza muda wake uleule, ni saa yako iliyobaki nyuma. Jua ndo hiyo taarifa ya habari na kalenda ya Kaizari ndo hiyo saa. Dakika 11 zikijumlishwa zinafika siku nzima kila baada ya miaka kama 128. Mwaka 325 maaskofu walipokutana Nikea, ile siku ya machipuko ambayo mchana na usiku vinalingana ilihesabiwa kuwa Machi 21, na tarehe ya Pasaka inategemea siku hiyo. Kufikia miaka ya 1500 jua lilikuwa linalinganisha mchana na usiku wakati kalenda bado inasoma Machi 11. Siku 10 nyuma.

Sasa saa inayochelewa inakupa kazi mbili na watu wengi huwa wanaikumbuka moja tu. Kazi ya kwanza ni kusogeza mshale ufike panapotakiwa. Kazi ya pili ni kufungua saa yenyewe na kurekebisha mashine, vinginevyo baada ya muda utarudi palepale. Papa Gregori wa 13 alifanya zote mbili. Wazo lilitoka kwa daktari mmoja wa kusini mwa Italia anayeitwa Aloysius Lilius, na mwanahisabati Mjesuiti Christopher Clavius ndiye aliyekuja kulieleza na kulitetea kwa nguvu. Kusogeza mshale: Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 ikafuatiwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Kurekebisha mashine: miaka ya mamia kama 1700, 1800 na 1900 isiwe mirefu, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400 kama 1600 na 2000. Kwa hiyo kila miaka 400 siku 3 zinapunguzwa, na wastani unakuwa siku 365.2425, hesabu iliyo sawa kiasi kwamba kosa la siku moja linahitaji zaidi ya miaka 3,000 kujikusanya. Mimi hii kanuni huwa inanifurahisha kila nikiitazama, sentensi moja tu fupi na bado inatufaa mpaka leo.

Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki Hispania usiku huohuo wa mabadiliko, ule unaounganisha tarehe 4 na tarehe 15, na ndo maana sikukuu yake iko Oktoba 15.

Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia walibadilisha papo hapo, Ufaransa ikafuata Desemba ya mwaka huohuo. Nchi za Kiprotestanti zikagoma, agizo limetoka kwa Papa na wao walikuwa wamejitenga naye, basi hesabu nzuri ikakataliwa kwa sababu ya aliyeileta. Uingereza iligoma miaka 170. Ilipokubali, Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 ilifuatiwa na Alhamisi tarehe 14. Ukihesabu utaona zimerukwa siku 11 na sio 10, kwa sababu mwaka 1700 Waingereza waliweka Februari 29 na Wakatoliki hawakuweka, pengo likaongezeka siku moja. Ndo maana pengo sio namba ya kudumu: mwaka 1616 lilikuwa siku 10, mwaka 1752 lilikuwa 11, na karne ya 20 likawa 13.

Turudi kwa wale waandishi wawili maana kuna tabaka lingine la makosa. Hata ile tarehe 23 ya Cervantes yenyewe ina walakini. Rejista ya parokia ya San Sebastián pale Madrid imeandika tarehe 23, lakini mazoea ya wakati ule yalikuwa kuandika siku ya mazishi, na wanahistoria wengi leo wanaweka kifo chake Ijumaa tarehe 22, akazikwa kesho yake. Kwa hiyo ukichukua Aprili 22 ya Cervantes na Mei 3 ya Shakespeare unapata zile siku 11 nilizotaja mwanzo. Upande wa Shakespeare tarehe ya kifo iko imara zaidi, mnara wake wa kumbukumbu ndani ya kanisa la Holy Trinity pale Stratford umechongwa kwamba alifariki tarehe 23 Aprili na rejista inaonyesha alizikwa tarehe 25. Ila ile habari nyingine kwamba eti alizaliwa na kufa tarehe ileile, hiyo ni ya kukisia. Kilichoandikwa ni ubatizo tu, Aprili 26 mwaka 1564, na watu wakarudi nyuma siku tatu kwa makadirio.

Na kuna hii ya Waingereza kuingia barabarani mwaka 1752 wakidai warudishiwe siku zao 11 kwa kuamini maisha yao yamefupishwa. Inarudiwa sana, hata kwenye vitabu. Watafiti waliotafuta hawakupata kumbukumbu ya kuaminika ya fujo hizo, kinachoonekana wazi ni mchoro wa William Hogarth wa miaka ya 1750 kuhusu kampeni za uchaguzi, ambamo kuna bango linalodai siku 11. Malalamiko ya kodi, mishahara na sikukuu za dini yalikuwepo na yalikuwa na maana, maana ukilipwa kwa mwezi halafu mwezi una siku 19 lazima uulize, lakini kuuliza mshahara na kudhani umepunguziwa umri ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukishaelewa utaratibu huu unaanza kuona mambo kama haya kila mahali. Inasemwa Newton alizaliwa mwaka uleule aliokufa Galileo, kana kwamba mmoja alimwachia mwingine kijiti. Galileo alifariki Italia Januari 8, 1642 kwa kalenda mpya. Newton alizaliwa Uingereza siku ya Krismasi 1642 kwa kalenda ya zamani, na kwa kalenda mpya hiyo ni Januari 4, 1643. Miaka tofauti. Au mchukue William wa Orange, aliyesafiri na jeshi lake kwenda kuchukua kiti cha ufalme Uingereza mwaka 1688: aling'oa nanga Uholanzi tarehe 11 Novemba akashuka Uingereza tarehe 5 Novemba, yaani kwenye karatasi amefika kabla hajaondoka, na tarehe zote mbili ni sahihi kila moja kwa kalenda ya kwake. Na Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, yaliyotokea Oktoba 25, 1917, Wasovieti waliyasherehekea miaka yote Novemba 7, kwa sababu Lenin alibadilisha kalenda miezi michache baadaye, Januari 31, 1918 ikafuatiwa na Februari 14.

Swali linalofuata ni je, na tarehe za kwetu? Vasco da Gama alitia nanga Mombasa tarehe 7 Aprili 1498 na wiki moja baadaye akawa Malindi. Hizo ni tarehe za kalenda ya Kaizari, kwa hesabu ya sasa Mombasa ingekuwa Aprili 16. Lakini kawaida wanahistoria hawazigeuzi tarehe za kabla ya 1582, wanaziacha kama zilivyoandikwa, kwa kuwa Ulaya ya magharibi yote ilikuwa kwenye kalenda moja na hakuna mkanganyiko wa kulinganisha. Shida iko kwenye kile kipindi cha katikati, kuanzia 1582 mpaka nchi husika ilipobadilisha, na hapo ukikuta matukio mawili ya nchi mbili yamepewa tarehe moja inabidi uulize kwanza kila nchi ilikuwa inafuata kalenda gani.

Sadfa za kweli zipo. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani wa Marekani, walikufa kweli siku moja, Julai 4, 1826, miaka 50 kamili tangu lile Azimio la Uhuru ambalo wote wawili walishiriki kuliandaa, kalenda yao ilikuwa moja na siku ya wiki ni moja, Jumanne. Abraham Lincoln na Charles Darwin nao walizaliwa siku moja kweli, Februari 12, 1809, mmoja Marekani mwingine Uingereza, maana kufikia hapo Uingereza ilishabadilisha.

Na kalenda ya Kaizari bado inaishi. Waorthodoksi wa Urusi wanasherehekea Krismasi Januari 7 kwa sababu kwa kalenda ya kanisa lao siku hiyo ndo Desemba 25, pengo la siku 13. Mwaka 2100 kwetu hautakuwa mwaka mrefu ila kwao utakuwa, kwa hiyo kama hawatabadilisha kitu, kuanzia mwaka 2101 Krismasi yao itaangukia Januari 8.