"Nilishapewa mguu, nimemaliza"

Hii ndiyo kauli inayorudisha watu wengi kwenye magongo: kwamba mguu wa bandia ukishafungwa ni wa maisha. Jamani, kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, hakibaki kama kilivyotoka wodini. Uvimbe unashuka, misuli inasinyaa, na kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa mwanzo kinazidi kupungua. Soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia ambamo kigutu kinaingia, ni plastiki ngumu, yenyewe haipungui. Kwa aliyekatwa chini ya goti, uzito hubebwa zaidi na ile kano nene (si mshipa wa damu) iliyo chini ya pia ya goti. Kigutu kikipungua kinazama: pia inabanwa na ukingo wa soketi, ncha ya mfupa inagota chini. Hapo mtu anajaza vitambaa au sponji la godoro, anapata kidonda, na mguu unaishia kutundikwa ukutani.

Kinachotakiwa ni soksi za kigutu. Asubuhi huenda moja ikatosha. Mchana, baada ya vilima vya Rungwe, ukisikia mguu unapanda na kushuka kila hatua, kaa chini, vua, ongeza moja. Jioni kagua ngozi kwa kioo kidogo. Alama ya kubanwa ifutike ndani ya dakika 20. Isipofutika, usivae mpaka fundi wa miguu ya bandia auone mguu huo. Ukifika soksi tatu nene na bado unazama, unahitaji soketi mpya, wala usitafute soksi ya nne. Hata mguu usio na shida, kwa mtu mzima hubadilishwa baada ya miaka 3 hadi 5. Soketi ya mtoto ikaguliwe kila baada ya miezi michache, maana anakua.

"Ngozi itakomaa." Kidonda hakikomazwi. Na osha kigutu usiku. Kikioshwa asubuhi ngozi inakuwa laini na kunata kwenye soketi.

"Mto chini ya goti unapumzisha." Unalikunja. Goti likikazia hapo, soketi haitalinyoosha. Kwa aliyekatwa juu ya goti, alale kifudifudi dakika 20, mara tatu kwa siku, ili nyonga nayo isikazie ikiwa imekunjwa.

"Kidole kisichokuwepo kinauma, amerogwa." Ni mishipa ya fahamu, na maumivu ni ya kweli. Mwambie daktari, dawa zipo.

"Mguu umelowa, uanike karibu na jiko." Joto la mkaa linapinda plastiki. Futa, toa kitambaa cha ndani, acha vikauke kivulini.

"Kiatu chochote kinafaa." Hapa mitumba ya soko la Mwanjelwa inawaponza wengi. Mguu ulipangwa kwa kisigino cha kiatu ulichokuja nacho siku ile. Kisigino kirefu zaidi kinasukuma goti mbele, na kwenye mteremko unaanguka. Kandambili zinalisukuma nyuma, na baada ya miezi goti linauma. Pima unene wa soli kisiginoni, toa unene wa soli chini ya vidole. Tofauti hiyo iwe ileile kwenye kila kiatu unachonunua, buti la shamba likiwemo.