Ya ngapi kwa ngapi? Darubini ya bei ya kati kwa kazi ya nyikani

Kila Juni, msimu wa uwindaji ukiwa karibu kufunguliwa tarehe 1 Julai, vijana wanaoanza kazi kwenye vitalu vya huku kaskazini hunipigia simu na swali lile lile: "Mzee, nichukue ya ngapi?" Wanauliza kama mtu anayeuliza saizi ya kiatu, na wengi wamekwisha kujijibu moyoni. Wanataka kubwa. Nyika ya Longido iko wazi, mnyama yuko mbali, kwa hiyo inayovuta zaidi ndiyo itakayoona zaidi.

Mmoja alikuja nyumbani kwangu Njiro na boksi ambalo hata nailoni alikuwa hajaitoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Umetuletea nini?"

Ilikuwa 20x50. Nikamtoa nje, nikamwambia aangalie kilele cha Meru, halafu anisomee kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Meru aliuona unarukaruka kama uko nyuma ya bodaboda. Kibao kilimshinda. Nikampa 10x42 yangu iliyochubuka pembe zote, ameegemea nguzo ya geti, akakisoma mpaka namba ya simu ya chini.

Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa chukua choroa aliyesimama mita 600. Darubini ya 8 inakuonyesha kama unamtazama kwa macho matupu akiwa mita 75. Ya 10 inamleta mita 60. Ya 12, mita 50. Yaani kutoka 8 kwenda 12 umesogea mita 25 tu, na gharama yake umeilipa pengine: mtetemo wa mikono nao umekuzwa mara 12, mapigo ya moyo yanaonekana kwenye picha, na dirisha unalochungulia limekuwa jembamba. 8x42 ya kawaida hukuonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000. Ya 10x42 ni kama mita 110. Za 12 nyingi huwa chini ya 100. Na kazi yetu kwa sehemu kubwa ni kupekua. Unaanzia mguu wa kilima, unapita kichaka kwa kichaka, mgunga kwa mgunga, unatafuta sikio linalopepea au mkia unaofukuza nzi. Dirisha jembamba linakupitisha pembeni ya mnyama bila kujua.

Halafu kuna mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi hewa iliyo juu ya ardhi ya Longido, na zaidi kule bonde la Natron, huanza kuchemka. Darubini inakuza mnyama na inakuza huo mchemko pamoja naye. Ikifika saa saba mchana hata zile za Swarovski za zaidi ya dola 2,000 wanazokuja nazo wateja zinakuonyesha swala granti anayeogelea. Hakuna pesa inayotibu hilo. Kwa hiyo ile nguvu ya ziada uliyoinunua utaifaidi saa chache za asubuhi na lisaa la jioni, basi.

Msimamo wangu ni huu: kwa Longido, Simanjiro na Natron nachukua 10x42, lakini kwa sharti kwamba nina cha kuegemea. Asiyetaka sharti hilo achukue 8x42, na nasema hivyo bila kumdharau. Kwenye vichaka na misitu ya Monduli Juu, ambako mnyama anakutokea mita 50, ya 8 ni bora moja kwa moja.

Hapo kwenye kuegemea ndipo watu wengi wanapoacha faida yao. Timu yoyote ya uwindaji inabeba fimbo tatu za kulengea bunduki. Zitandaze, weka kofia juu yake, laza darubini hapo. Dirisha la Landkruza linafaa pia ila injini iwe imezimwa. Ikinguruma, picha yote inanguruma nayo. Kichuguu kinafaa. Ukikaa chini, viwiko viegemee magoti. Ukiwa umesimama na huna chochote, shika ukingo wa kofia yako kwa vidole vya mbele huku mikono imeshika darubini. Kichwa, kofia na darubini vinakuwa kitu kimoja. Mzee mmoja wa Kimaasai, mfuata nyayo niliyetembea naye misimu kadhaa, hakuwa na darubini kabisa, ila alikuwa akiegemeza shavu kwenye fimbo yake na kutulia dakika nzima kabla ya kusema neno. Mara nyingi alitutangulia sote. Darubini nyingi za bei ya kati zina tundu la skrubu mbele ya bawaba, limefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Hapo ndipo inapofungwa stendi ya miguu mitatu. Ningekuwa na laki nane, ningenunua darubini ya laki sita na nusu na stendi nyepesi kwa inayobaki, na ningemshinda mwenye darubini ya milioni anayeishika kwa mikono mitupu.

Ninaposema bei ya kati nina maana ya dola 200 hadi 500, yaani kuanzia laki tano hivi mpaka milioni moja na ushee. Chini ya hapo unanunua bahati. Juu ya hapo unaongeza hela nyingi kwa maboresho madogo, yenye maana kwa mtu anayeishi ndani ya darubini saa nane kwa siku.

Hela hiyo inapaswa kununua kioo. Kila uso wa lenzi usiopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Inaonekana ndogo, lakini ndani ya darubini mwanga unapita nyuso kumi au zaidi. Kwa kumi tu, theluthi moja ya mwanga imeshapotea, na sehemu yake inatangatanga ndani na kukufifishia picha. Dawa yake ilipatikana Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, mwaka 1935, pale Alexander Smakula alipobuni utando mwembamba wa kuzuia mwanga usirudi nyuma. Siku hizi utando huwa wa tabaka nyingi na hasara hushuka chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Angalia boksi limeandikwa kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Likisema tu kwamba lenzi "zimepakwa", huenda ni ule uso wa nje unaouona wewe. Na zile lenzi zinazong'aa rangi nyekundu kama taa za nyuma za gari, ziache huko huko zinakotembezwa barabarani.

Kama darubini ni ya mirija iliyonyooka, ulizia pia utando wa fezi (phase coating) kwenye prizimu, vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame wima. Zeiss waliuleta mwaka 1988 kwa darubini ghali. Sasa umeshuka mpaka za bei ya kati, na bila huo picha inakosa ukali hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Kwa nini nang'ang'ania ukali kuliko ukubwa? Rudi kwa yule choroa. Dume ana pembe na jike ana pembe. Tena za jike mara nyingi ni ndefu zaidi, ila nyembamba. Mgeni akiona pembe ndefu anasema dume, na leseni yako haikuruhusu jike. Pofu ni hivyo hivyo, wote wawili wana pembe. Kwa swala twiga na tandala mdogo una nafuu, mwenye pembe ni dume peke yake. Lakini kwa choroa lazima uone unene wa shina la pembe, uone shingo, uone chini ya tumbo, na uone hayo yote kundi likiwa linatembea ndani ya vumbi lake lenyewe. Mwindaji bingwa anakutazama, askari wanyamapori anakutazama, mteja kashaweka bunduki kwenye fimbo. Hapo unahitaji mstari safi kati ya pembe na majani, na 8 yenye mstari safi itakuokoa pale ambapo 12 yenye ukungu itakuponza.

Jambo la jioni nalipitia haraka. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 10 ni milimita 4.2, na huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Wajerumani huja na 8x56 zao zenye duara la milimita 7, kwa sababu kwao jioni ni ndefu na nguruwe pori wanamsubiri hadi gizani. Zina uzito wa zaidi ya kilo. Huku kwetu jua likishazama, nusu saa haiishi kabla giza halijatua, na sheria haituruhusu kuwinda usiku. Gramu 700 za 10x42 zinatosha shingo yako.

Dukani usiijaribu ndani chini ya taa. Omba utoke nayo mlangoni. Tafuta waya wa umeme wenye anga nyuma yake: ukiona ukingo wa zambarau au kijani unene mithili ya uzi wa pili, pembe kwenye anga zitakuwa hivyo hivyo. Kisha ishike mbali na uso kama dhiraa moja uelekeze kwenye mwanga, uangalie yale maduara mawili kwenye lenzi za jicho. Yawe mviringo safi. Yakiwa na kingo zilizokatwa kama mraba, mtengenezaji amebania gharama kwenye prizimu. Halafu rudi kwenye waya ule uliolala, sogeza darubini taratibu kutoka machoni kama shibiri moja huku ukiendelea kuutazama. Waya ubaki usawa mmoja kulia na kushoto.

Kipimo hicho cha mwisho nilikilipia. Miaka ya mwanzo nilinunua 12x50 kwa muuzaji mmoja mjini, nikaipeleka wiki tatu kwenye barabara ya makorogesheni, yale mawimbi ya vumbi yanayotikisa gari zima. Nikaanza kuumwa kichwa kila jioni. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima tena. Kumbe mirija ilikuwa imeachana, na macho yangu yalishinda kutwa nzima yakivutana kuiunganisha.

Kuhusu majina: Vortex Diamondback HD na Nikon Monarch M5 zote zimepita mikononi mwangu na ningenunua tena yoyote kati yake. Vortex wana dhamana ya maisha isiyodai risiti, ila wako Wisconsin, Marekani. Ujanja wetu ni kumkabidhi mteja anayerudi kwao akaitume. Na msimu ukielekea mwisho tega sikio kambini. Wapo wageni wanaoacha darubini kama zawadi, na aliyepewa mbili huuza moja.

Vumbi la huku ni adui kuliko mvua. Pulizia kwanza, piga na brashi laini, ndipo ufute. Anayefuta lenzi kwa pindo la fulana baada ya safari ya Natron anazisugua kwa msasa.

Ukishaipata, irekebishe kwa macho yako kabla hujaondoka mjini. Ziba lenzi ya kulia, weka fokasi ya kushoto kwa gurudumu la katikati. Halafu ziba ya kushoto, na ya kulia uisahihishe kwa pete yake tu bila kugusa gurudumu. Wengi hawajawahi kuigusa pete hiyo tangu wanunue, kisha wanalaumu darubini. Yangu nimeiwekea nukta ya rangi ya kucha ili ikisogezwa na mtu nijue pa kuirudisha. Mama watoto bado anatafuta nani anamalizia kichupa chake chekundu.