Si kila amiba ni ugonjwa

Jamani, karatasi ya majibu ya choo iliyoandikwa "kisti za amiba zimeonekana" si ugonjwa. Amiba ni kijidudu cha seli moja, na kisti ni amiba iliyojifunga ndani ya gamba. Wiki hii mama mwingine kanijia hapa Lamu na karatasi kama hiyo. Hahari, haumwi tumbo, na tayari kanunuliwa metronidazoli, dawa ya amiba.

Kinachodhuru ni kazi ya vimeng'enya vya amiba, na darubini haikuonyeshi kazi hiyo. Kwa ufupi: Entamoeba histolytica, amiba inayoweza kuleta ugonjwa, hunasa sukari ya galaktosi kwenye ute wa utumbo mpana, kisha protiasi za sisteini, vimeng'enya vyake vya kukata protini, hukata protini ya ute hadi ukuta wa utumbo ubaki wazi. Mojawapo ya protiasi hizo, iitwayo CP5, imekaa juu ya utando wa amiba yenyewe, inakata papo hapo amiba inapogusa.

Sasa njooni kwa Entamoeba dispar, amiba inayofanana nayo. Kisti zake ni zile zile, viini vinne vile vile. Émile Brumpt, mtaalamu Mfaransa wa vimelea, alisema tangu 1925 kwamba hizi ni spishi mbili, na wengi wakampuuza. Zikatenganishwa rasmi 1993. Dispar nayo hunata, ila jeni lake la CP5 limeharibika, na watu huishi nayo bila kuugua. Nitajuaje basi ni ipi? Nileteeni choo kibichi, kingali na joto. Nikiona amiba inatambaa na chembe nyekundu za damu zimo ndani yake, hapo nina hoja. Choo kilichotolewa alfajiri kikavuka na mashua kutoka kisiwa cha Pate hakinipi hilo: zinazotambaa zimeshakufa, zimebaki kisti.

Wala sidai CP5 ndiyo yote, ingawa vitabu huieleza hivyo. Amiba zilizopunguziwa protiasi hizi maabarani ziliendelea kuharibu seli zilizooteshwa, japo zilishindwa kutia majipu kwenye ini la hamsta, mnyama mdogo kama panya. Na tangu 2014 tunajua kwamba amiba humega seli hai kipande kipande mpaka zife. Kimeng'enya kimoja hakitoshi kueleza kwa nini wengi wenye histolytica halisi hawaugui kamwe.

Kuhusu dawa, metronidazoli huua amiba zilizozama kwenye nyama ya utumbo au ini. Kisti haiziondoi ipasavyo, hizo zinataka dawa nyingine, paromomaisini au diloksanaidi. Yule mama alipewa isiyomfaa hata kama angekuwa na histolytica. Lakini anayehara damu, au mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, asikae nyumbani kusubiri: aje leo, na choo akitoe hapa hapa kituoni.