Sifuri ya mwisho: ibaki maabara, iondoke kwenye cheti cha dawa

Shuleni tulifundishwa kwamba 2.5 na 2.50 ni namba moja, na kihesabu ni kweli. Kwa sisi tunaopima, zinasema mambo tofauti. Mizani ikisoma gramu 2.50, imepima hadi sehemu ya mia: uzito halisi uko kati ya 2.495 na 2.505. Ikisoma 2.5 tu, uzito unaweza kuwa popote kati ya 2.45 na 2.55. Anayefuta sifuri ile kwa kudhani haina kazi amefuta habari. Anayeiongeza ili jedwali lipendeze ametunga usahihi ambao kifaa hakina.

Lakini sifuri hiyohiyo, ukiiweka kwenye cheti cha dawa, inaweza kuua. Chukua warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari anaandika kwa kalamu "1.0 mg". Nukta ikififia, au ikiangukia juu ya mstari wa karatasi, au isipotokea kwenye nakala ya chini, kwenye dirisha la kutolea dawa inasomeka 10 mg. Mgonjwa anameza mara kumi ya alichoandikiwa, na kwa warfarin hiyo ni hatari ya kuvuja damu, hata ndani ya ubongo. Na sifuri yenyewe haikuwa na la kuniambia mimi ninayetoa dawa. Dozi ni agizo. Daktari hanielezi amepima kwa usahihi gani, ananiambia nitoe nini.

Ndiyo maana Joint Commission, shirika linalokagua hospitali nchini Marekani, liliiweka sifuri hiyo kwenye orodha yake ya mwaka 2004 ya maandishi yasiyoruhusiwa katika maagizo ya dawa. Wakakataza pia .5 mg isiyo na sifuri mbele, kwa sababu nukta ikipotea inabaki 5. Basi andika 1 mg, andika 0.5 mg. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakuipiga marufuku kila mahali: majibu ya maabara, ukubwa wa uvimbe kwenye picha za uchunguzi, na saizi za katheta na mirija viliachwa. Mpira wa kupumulia wa kichanga huenda 3.0, 3.5, 4.0, hapo sifuri ina kazi.

Ninaowaomba sana ni watengenezaji wa programu za hospitali. Programu isiijaze safu ya dozi sifuri yenyewe hadi 1.00, na potasiamu iliyopimwa 4.0 isikatwe ikawa 4.